Laki na Nusu kwa Fimbo Moja

Wengi wanaocheza pool Boko, Dar es Salaam, hawajawahi kununua fimbo. Fimbo huja na meza. Ingia baa yenye meza, iwe Magengeni au Basihaya, utaziona mbili au tatu zimeegemezwa ukutani: moja imepinda, ya pili ngozi ya ncha imeliwa ikabaki plastiki tupu, na ile yenye afadhali iko mikononi mwa aliyewahi. Mtu huizoea fimbo moja ya baa moja, akawa bingwa wa mtaa, kisha akialikwa Bunju au Tegeta anafungwa na watu aliokuwa akiwadharau. Hapo ndipo wazo la kuwa na fimbo yake mwenyewe linapomwingia, na huja pamoja na maswali ambayo muuzaji dukani hana haraka ya kuyajibu.

Bajeti ya kawaida ni ipi? Chukua shilingi 150,000. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni shilingi 500,000 kwa mwezi, kwa hiyo fimbo ya laki na nusu inakula karibu theluthi ya mshahara huo. Na wengi wanaoizunguka meza jioni, dereva wa bodaboda, fundi ujenzi, kibarua wa ukanda wa viwanda vya Wazo na Tegeta, hawana hata uhakika wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Fedha ya namna hiyo haitolewi kwa sababu kitako cha fimbo kimenakshiwa joka la dhahabu.

Mchezo wenyewe una sura mbili nchini. Upande mmoja kuna chama cha taifa, TAPA, na kuna mashindano ya Safari Lager yaliyodhaminiwa na Kampuni ya Bia Tanzania, ambamo Kinondoni, Temeke na Ilala zilishiriki kila moja kama mkoa wake wa kimichezo. Uganda nako mdhamini ni bia: mashindano makubwa ya pool yamebebwa na Nile Special. Upande wa pili kuna sifa ya uzururaji. Mwaka 2016 Rais John Magufuli, akiwataka wakuu wa mikoa wawasukume vijana wafanye kazi, alitolea mfano wanaoshinda kwenye pool tangu asubuhi. Mwenye kutembea na fimbo yake mgongoni, kwa hiyo, anaonekana ama mchezaji wa kweli ama mtu asiye na shughuli, kutegemea ni saa ngapi na anayemtazama ni nani.

Tuje kwenye fimbo. Kabla ya kugusa yoyote, mnunuzi apime mpira.

Hili ndilo kosa linalogharimu wengi. Fimbo za pool zinazouzwa duniani ni za koo mbili. Ukoo wa Kimarekani umetengenezwa kwa ajili ya mipira yenye kipenyo cha milimita 57 na uzito unaokaribia gramu 160 au zaidi. Ncha ya fimbo yake ni nene, milimita 12 hadi 13. Ukoo wa Kiingereza, ulio ndugu wa snuka, unalenga mipira midogo ya milimita 51, yenye uzito wa karibu gramu 115, na ncha zake ni nyembamba, kati ya milimita 8 na 10. Meza za baa zetu kwa kawaida ni ndogo, za futi 7, zinazofunguliwa kwa sarafu, na nyingi hutumia mipira midogo, iwe ni ya rangi nyekundu na njano au yenye namba. Dukani, fimbo zinazong'aa kuliko zote huwa ni za Kimarekani.

Kwenye baadhi ya meza hizo mpira mweupe huwa mdogo zaidi, na kuna sababu ya kifundi. Meza ya sarafu humeza kila mpira unaoingia shimoni na kuufungia ndani, isipokuwa mweupe, ambao lazima urudi mchezo uendelee. Meza inaujuaje mweupe? Njia moja ya zamani ni kuufanya uwe mdogo kuliko wenzake, takriban milimita 48, upite kwenye njia ambayo wengine hawaenei. Njia nyingine ni kuutia kitu kinachovutwa na sumaku. Mchezaji wa meza yenye mweupe mdogo anapiga kitu chenye uzito usiofika gramu 100. Akiupiga kwa ncha ya milimita 13 haoni vizuri mahali anapougusa, na akitaka kuuzungusha kwa kuupiga pembeni, ncha ile nzito inausukuma nje ya mstari aliokusudia. Mpira ukiwa mwepesi, kusukumwa huko kunazidi. Ndiyo maana kijana anayenunua fimbo nene ya kuvutia analalamika wiki ya kwanza kwamba imeharibu shabaha yake. Kwa meza ile, analalamika kwa haki.

Kupima hakuhitaji kifaa. Weka mpira mezani, ubane kwa vitabu viwili vilivyosimama wima, pima nafasi iliyo kati yao kwa rula ya mtoto wa shule. Ikiwa ni sentimita 5 na kidogo, tafuta fimbo ya ncha ya milimita 9 au 9.5. Ikikaribia 6, meza ni ya mipira mikubwa, na ncha ya milimita 11 hadi 12.5 inafaa. Anayecheza kwenye meza za aina zote mbili achague kwa kufuata ile anayoicheza mara nyingi.

Baada ya mpira ni unyoofu, na hapa ndipo pwani inapoingia katika hesabu. Mbao za samani na vifaa vya michezo huko zinakotengenezwa hukaushwa hadi zibaki na unyevu wa asilimia kama 8 ya uzito wake. Zikifika mahali ambako hewa ina unyevunyevu wa asilimia 80, jambo la kawaida kwa Dar es Salaam, hasa masika, mbao hizo hufyonza maji taratibu mpaka zifikie karibu asilimia 16. Boko iko jirani kabisa na bahari, Mbweni ni ng'ambo ya barabara tu. Mti ukifyonza maji huvimba, na usipovimba sawa pande zote hupinda. Fimbo iliyotoka kiwandani ikiwa imenyooka inaweza kupinda ndani ya chumba kisicho na dari kabla mwenyewe hajamaliza kuisifia.

Kwa hiyo aina ya mti na jinsi ulivyopasuliwa ni muhimu kuliko jina lililoandikwa. Fimbo nzuri za Kiingereza hutengenezwa kwa eshi, mti wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wenye mistari myeusi inayoonekana wazi. Za Kimarekani hutengenezwa kwa mepo, mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, mweupe na laini kwa macho. Fimbo rahisi za baa kwa miaka mingi zilichongwa kwa ramini, mti wa misitu ya Malaysia na Indonesia, ambao ulivunwa kupita kiasi hata biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Kwenye eshi, mistari ile ikitazamwa kutoka juu inachora mishale iliyofuatana. Mishale ikiwa imekaa katikati na kwa mpangilio, mti ulipasuliwa vizuri kwa kufuata nyuzi zake. Mistari ikikimbilia pembeni na kutoka nje ya fimbo, nyuzi zimekatwa njiani, na hapo ndipo fimbo itakapopinda au kuvunjika siku mtu akiikalia.

Watu wengi huikagua fimbo kwa kuiviringisha juu ya meza. Njia hiyo ina walakini. Meza nyingi za baa zenyewe hazijalala sawasawa, na fimbo za Kiingereza zina sehemu bapa kwenye kitako inayozifanya zirukeruke hata zikiwa nyoofu. Bora kuishika fimbo mbele ya jicho kama mtu anayelenga bunduki, kitako kikiwa karibu na uso, kisha kuizungusha polepole. Upinde utajitokeza kama mstari unaokwenda na kurudi. Fimbo ya vipande viwili ikaguliwe mara mbili, kila kipande peke yake, kisha vikiwa vimefungwa, kwa sababu vipande viwili vilivyonyooka vinaweza kuunganishwa na skrubu iliyokaa upande.

Na hapa kuna hoja ambayo wapenda vitu vipya hawataipenda. Kwa mazingira ya Boko, fimbo iliyotumika inaweza kuwa salama kuliko mpya. Fimbo mpya iliyotoka kwenye kontena wiki iliyopita bado haijakutana na hewa ya hapa. Hakuna ajuaye itakavyokuwa ifikapo Mei. Fimbo ambayo mchezaji wa Sinza au Mbagala ameitumia kwa miaka mitatu imeshavimba, imeshakauka, imepita masika na vuli kadhaa. Ikiwa bado imenyooka, imeshafanya mtihani ambao dukani haufanywi. Kasoro zake nyingine, ncha iliyoisha, rangi iliyochubuka, gundi iliyolegea ya kola, ile pete inayobeba ncha, zote zinatengenezeka kwa fedha kidogo. Kupinda hakutengenezeki, hata kama fundi ataapa.

Uzito hauna haja ya mjadala mrefu. Namba kama 18, 19 au 20 iliyoandikwa kwenye fimbo ni wakia, na wakia moja ni gramu 28 hivi, kwa hiyo nyingi ziko kati ya gramu 480 na 600. Anayeanza akae katikati, karibu gramu 530. Asiyeamini namba iliyoandikwa, na kwenye fimbo za bei ya chini ana sababu ya kutoamini, aombe mizani ya mangi dukani.

Urefu wa kawaida ni sentimita 145 hadi 147, na huo unaleta swali la usafiri ambalo halipati nafasi katika maelezo ya watengenezaji. Fimbo ya kipande kimoja hupendwa na baadhi ya mabingwa kwa sababu haina kiungo cha kulegea. Lakini mtu wa Boko anayekwenda kushindana Temeke anapanda daladala, anashuka, anapanda nyingine, na kipande cha mti cha mita moja na nusu ndani ya gari lililojaa watu wamesimama ni ugomvi na konda kabla ya safari kuanza. Kwenye bodaboda ni hatari zaidi. Fimbo ya vipande viwili ndiyo jibu. Ile iliyogawanywa katikati inaingia kwenye mkoba mfupi, chini ya sentimita 80. Ile ya robo tatu, yenye shafti ndefu na kitako kifupi, ina mguso mzuri kwa sababu kiungo kiko nyuma, mbali na mkono wa mbele, ila mkoba wake unafika zaidi ya mita moja. Asiye na gari achukue ya katikati na ahakikishe skrubu inakaza mpaka mwisho bila kuacha mwanya. Fimbo inayotoa mlio wa kugongana kiungoni haifai hata ikitolewa bure.

Sehemu ndogo kuliko zote ndiyo inayofanya kazi yote. Ncha ya ngozi hukutana na mpira kwa muda usiozidi sehemu mbili za elfu za sekunde, na chochote mchezaji alichokusudia, nguvu, mzunguko, mwelekeo, lazima kipite hapo. Kabla ya karne ya 19 mipira ilipigwa kwa mti mtupu, na kuuzungusha mpira ilikuwa karibu haiwezekani. Mfaransa François Mingaud ndiye anayetajwa kuibandika ngozi kwenye ncha mwanzoni mwa karne hiyo, na mchezo ukabadilika kabisa. Chaki ya kisasa, ile ya buluu ya pembe nne, ilipewa hataza Marekani mwaka 1897 kwa jina la mchezaji William Spinks na mkemia William Hoskins. Ndani yake si chokaa ya ubaoni, ni mchanganyiko wa unga mkali wa madini unaoipa ngozi meno ya kuushika mpira.

Fimbo nyingi za bei ya kati huja na ncha hafifu. Ngozi yake inasambaa pembeni kama uyoga baada ya wiki chache, au inakuwa ngumu na kuteleza kama jiwe. Mnunuzi mwenye akili hutenga fungu la ncha tangu mwanzo. Elk Master na Blue Diamond za kampuni ya Tweeten ya Marekani zimetumika kwenye snuka na pool kwa miongo mingi na bei yake ni ya chini. Kamui ya Japani, iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, ni bora na ghali, na kwa meza yenye kitambaa kilichochakaa tofauti yake haionekani. Kubadilisha ncha ni kazi ya nusu saa: kung'oa ya zamani, kusawazisha uso wa kola kwa msasa, kupaka supagluu, kubana, kusubiri, kukata ziada, kuichonga mviringo. Fundi viatu hodari ana kisu, msasa na mkono uliozoea ngozi; akielekezwa mara moja, ya pili ataifanya mwenyewe.

Kola yenyewe iangaliwe. Kwenye ukoo wa Kiingereza ni ya shaba ya njano, na inapaswa kushika mti bila ufa wala mwanya. Nyeupe ya plastiki kwenye ukoo wa Kimarekani hupasuka kwa kuangushwa, na kuibadilisha ni kazi ya mashine.

Kuhusu kitako, maneno machache, kwa sababu ndicho kinachouza fimbo na ndicho chenye kazi ndogo. Kwenye fimbo za Kiingereza zilizochongwa kwa mkono, mti mweusi huingizwa ndani ya eshi kwa pembe nne kali. Za bei ya chini zina picha tu ya pembe hizo, imebandikwa chini ya vanishi. Hakuna ubaya kununua picha, mradi mtu asilipe bei ya mti. Nembo pia hubandikwa. Peradon wanatengeneza fimbo Liverpool tangu 1885, na Riley ni jina la zamani zaidi, lakini kubandika jina lolote juu ya mti wowote ni rahisi. Inachekesha kidogo kwamba mweusi unaotafutwa kwa vitako hivyo unatoka mbali, wakati misitu ya Kilwa na Lindi ina mpingo, mti wa taifa, mzito hata unazama majini, unaosafirishwa kwenda kuwa klarineti za Ulaya. Wachongaji wa Mwenge wanaushika kila siku. Kitako cha mpingo kilichotengenezwa Dar es Salaam kinawezekana. Kinachokosekana ni shafti ya kukiunganisha nayo.

Anayefikiria kuagiza kwa mtandao apige hesabu yote. Fimbo ya dola 60 na usafiri wa dola 40 inafika bandarini ikihesabiwa kuwa ya dola 100. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, inakuwa 125. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya hiyo, inakuwa dola 147 na nusu, kabla ya tozo nyingine ndogondogo. Kwa shilingi, hiyo imeshavuka laki tatu, mara mbili ya bajeti, kwa fimbo ambayo hakuna aliyeipima kwa jicho. Kuagiza kuna maana kwa kikundi cha wachezaji kinachoagiza nyingi kwa pamoja, au kwa mwenye ndugu anayesafiri kutoka Dubai au Guangzhou na mkoba wake una nafasi.

Vipi kuhusu nyuzi za kaboni? Tangu Predator ya Marekani ilipotoa shafti yake ya Revo karibu miaka kumi iliyopita, mabingwa wengi wamehama mti. Kaboni haifyonzi unyevu, haipindi, na kwa hoja hiyo peke yake pwani ya Dar es Salaam ndiko ambako ingefaa zaidi. Lakini shafti ya aina hiyo peke yake ni dola mia kadhaa, na nyingi ni nene, za mipira mikubwa. Kwa laki na nusu, ziachwe. Alumini na fiberglasi nazo hazipindi kwa unyevu na bei yake ni ndogo, ila mguso wake ni mfu. Mchezaji hasikii mpira mkononi. Zinafaa kwa baa.

Kwa hiyo laki na nusu igawanywe hivi. Laki moja, au pungufu yake, iende kwenye fimbo ya eshi ya vipande viwili, ncha ya milimita 9 hadi 9.5, yenye kola ya shaba, iliyotumika au mpya, nyoofu kwa jicho. Elfu hamsini inayobaki ilipie mkoba mgumu, ncha mbili tatu za akiba, chaki, na kopo dogo la mafuta ya kitani ya kuupaka mti kila baada ya miezi michache ili unyevu uingie polepole. Vanishi nene inayonata kwa jasho iondolewe kwa msasa laini kwenye sehemu inayopita kati ya vidole. Fimbo ilale ndani ya mkoba, kitandani au juu ya kabati. Kuiegemeza ukutani usiku kucha ni kuifundisha kupinda.

Kuna watu wengine ambao habari hii inawahusu kuliko wanunuzi, nao ni wenye meza. Wachezaji wengi wa Boko hawatanunua fimbo mwaka huu wala mwakani, na wataendelea kulipia mchezo kwa fimbo zilizopo. Ncha za Elk Master huuzwa kwa boksi la 50. Boksi moja linatosha kuzihudumia fimbo za baa kadhaa kwa mwaka mzima, na meza yenye fimbo zinazoushika mpira haikosi wateja. Wenye baa wa Magengeni na Basihaya wachangie wanunue boksi moja na wamtafute fundi mmoja apite kila mwisho wa mwezi.